Ukuta wa Hadrian: mbona una malango 80?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, huu ni mwaka wangu wa nne. Shule ya mwanangu inawapeleka watoto kuuona Ukuta wa Hadrian, naye akaniuliza ulijengwa wa nini. Nikamjibu kwamba Warumi waliujenga kuwazuia Waskoti wasiingie. Akanicheka. Anasema mwalimu wao kawaambia ukuta huo una lango kila baada ya maili moja. Hivi mtu anajenga ukuta wa kuzuia watu halafu anautoboa malango 80? Na ni kweli kwamba baadhi ya walinzi wake walikuwa Waafrika, au ni maneno ya mitandaoni tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwanao ameligusa swali ambalo wataalamu wa ukuta huo wamelibishania kwa miaka na miaka, naye hata shule ya msingi hajamaliza. Kabla sijamjibu, niruhusu niondoe kwanza kitu kimoja ulichomwambia, maana kikibaki kitapotosha na mengine.

Waskoti hawakuwapo. Mwaka 122 BK, kazi ya ukuta ilipoanza, Uskoti ilikuwa bado haijapata jina hilo. Watu ambao Warumi walikuja kuwaita Scotti walikuwa wenyeji wa Ayalandi, ng'ambo ya bahari, na ilipita karne kadhaa ndipo jina lao likashika upande wa kaskazini wa kisiwa chenu. Wala ukuta si mpaka wa England na Uskoti wa leo. Wote, mwanzo hadi mwisho, umo ndani ya England, na kwa upande wenu wa mashariki, ukiupa mgongo na kufuata pwani kwenda kaskazini, utasafiri kama kilomita 100 ndipo uingie Uskoti. Walioishi kaskazini mwa ukuta wakati ule ni Wabritania wa makabila kama Votadini, Selgovae na Novantae. Kusini mwake walikuwa Wabrigantes, kabila kubwa lililokuwa tayari chini ya Rumi lakini halijazoea. Watu wa pande zote mbili walifanana kwa lugha, kwa kilimo na kwa namna ya kujenga nyumba zao za msonge. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta chini ya msingi wa ukuta, mahali kadhaa ikiwemo hapo Wallsend, mikwaruzo ya plau ardhini. Yaani ukuta ulipita katikati ya mashamba ya watu.

Sasa twende kwa aliyeuamuru. Hadrian alishika utawala wa dola ya Rumi mwaka 117 baada ya Trajan, mtu wa vita, aliyeitanua dola kuliko mtawala yeyote kabla yake. Trajan alitwaa Dacia, ambayo leo ni Romania, kisha akashuka na mto Tigris mpaka akaiona Ghuba. Hadrian alipopokea kiti alikuta maeneo mapya ya mashariki yanawaka maasi, akayaachia. Wakubwa wengi wa Rumi walilichukia jambo hilo. Kwao wao jeshi kazi yake ni kusonga mbele, na dola haina ukingo. Huyu bwana akaja na wazo jingine kabisa, kwamba dola imeshiba, na kazi iliyobaki ni kutunza kilichomo.

Britania nayo haikuwa shwari. Mwandishi wa habari za maisha ya Hadrian anasema Wabritania hawakushikika chini ya amri ya Rumi alipoanza kutawala, na Fronto, mwalimu wa Kaisari Marcus Aurelius, alikuja kuandika kwamba askari wengi waliuawa na Wabritania katika utawala wa Hadrian. Miaka 40 hivi kabla ya ukuta, liwali Agricola alikuwa amefika mbali sana ndani ya Uskoti na kushinda vita kubwa, lakini vikosi vikahitajika kwenye mto Danube, Warumi wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wakatua kwenye barabara inayounganisha Corbridge na Carlisle, wakaipanga maboma. Kwa hiyo mstari ulikuwepo kabla ya ukuta. Hadrian aliuvika mawe.

Mwaka 122 alikuja mwenyewe, akitokea Ujerumani, ambako mpaka ulikuwa ukiwekewa ua mrefu wa magogo. Liwali wake mpya wa Britania alikuwa Aulus Platorius Nepos, na majina ya wawili hao yamechongwa pamoja kwenye jiwe lililokutwa katika mojawapo ya vijiboma vya ukuta. Nikuongezee na moja la kwenu: daraja walilolijenga juu ya mto Tyne liliitwa Pons Aelius, yaani Daraja la Aelius, kwa jina la ukoo wa Hadrian. Ndilo jina la kale la Newcastle. Ukisimama pale kwenye ngome ya mji, karibu na stesheni kuu, umesimama juu ya boma la Warumi.

Ukuta wenyewe ulikuwa na urefu wa maili 80 za Kirumi, sawa na kilomita 117 hivi, kutoka Wallsend kwenye mto Tyne hadi Bowness kwenye hori la Solway upande wa magharibi. Kila maili moja ya Kirumi, ambayo ni karibu mita 1,480, palikuwa na kijiboma chenye malango mawili, moja la kaskazini na moja la kusini, na humo walikaa askari wachache tu, pengine 8, pengine 30 hivi. Kati ya kijiboma na kijiboma ilisimama minara miwili, hata ukawa huwezi kwenda mita 500 bila kuonwa na mtu. Mbele ya ukuta, upande wa kaskazini, lilichimbwa handaki, isipokuwa pale ambapo majabali yenyewe yalitosha. Kuhusu kimo, Bede, mtawa aliyeishi Jarrow hapo jirani na kuandika mwaka 731, anasema ukuta aliouona ulikuwa na futi 12 kwenda juu, karibu mita 3.6. Na yeye aliuona ukiwa gofu la miaka 600, kwa hiyo mwanzoni huenda ulizidi hapo.

Si wote ulikuwa wa mawe. Theluthi ya magharibi, kutoka mto Irthing mpaka baharini, ilijengwa kwanza kwa mapande ya udongo yaliyokatwa pamoja na majani yake na kupangwa kama matofali, upana wa mita 6 chini. Baadaye sehemu hiyo nayo ikajengwa upya kwa mawe. Ukuta wa namna hiyo hupanda haraka, na Hadrian aliijua kazi hiyo vizuri. Mwaka 128 alikwenda Lambaesis, katika Algeria ya leo, akakagua mazoezi ya jeshi la huko, na hotuba yake ikachongwa kwenye jiwe. Mle ndani anawasifu askari waliojenga ukuta wa mawe makubwa, mazito, yasiyolingana, kwa muda usiozidi sana ule wa kujenga kwa mapande ya udongo, ambayo, anasema, ni mepesi kubeba na hupangika bila shida. Ni Kaisari huyo, anaongea kama fundi mwashi. Mimi hupenda kuisoma hotuba hiyo kila ninapomsikia mtu akisema ukuta wa Britania ulikuwa wazo la wasaidizi wake.

Waliojenga walikuwa askari wa lejioni tatu, yaani vikosi vikuu vya jeshi la Rumi, ya Pili, ya Sita na ya Ishirini, pamoja na watu wa jeshi la majini. Usifikirie kundi la watumwa wakichapwa viboko. Lejioni ilikuwa na wapima ardhi wake, waashi wake, maseremala wake na wachoma chokaa wake, na kila kikundi kikimaliza kipande chake kilichonga jiwe lenye jina la mkuu wao na kulipachika ukutani. Mawe hayo yapo kwa wingi mpaka leo. Kwa nje walipanga mawe ya kuchonga, ndani wakajaza vifusi na udongo au chokaa.

Hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa sababu mawe yenyewe yanaonyesha kwamba wajenzi walibadili mawazo kazi ikiwa katikati.

Mpango wa kwanza ulikuwa ukuta wa mawe wenye upana wa futi 10 za Kirumi, kama mita 3. Vijiboma na minara ilijengwa kwanza, na kila mnara ukaachiwa vipande vya ukuta ubavuni, kama mabawa, vyenye upana huohuo, vikisubiri ukuta uje kuungana navyo. Ukuta ulipofika, ulikuwa umepunguzwa hadi futi 8 au chini yake. Ukienda leo utaona palepale ubavuni mwa mnara ukuta mnene unakatika ghafla na kuendelea mwembamba, kama kanzu iliyoshonwa na mafundi wawili ambao hawakuonana.

Kubwa kuliko hilo lilikuwa la maboma. Mwanzoni vikosi vyenyewe vilikaa nyuma, kwenye barabara ile ya Corbridge na Carlisle, kilomita kadhaa kusini. Ukuta ulikuwa na walinzi tu. Kisha ikaamuliwa vikosi vihamie juu ya ukuta wenyewe. Minara iliyokwisha kusimama ikabomolewa, handaki likafukiwa, maboma makubwa yakajengwa mahali pake. Chesters, ambako palikaa wapanda farasi, boma liliwekwa likichungulia nje, na malango yake matatu kati ya yale makubwa manne yalifunguka kaskazini mwa ukuta. Jeshi linalojificha haliweki malango matatu upande wa adui. Hilo ni jeshi linalotaka kutoka mbio, tena kwa farasi.

Halafu likaja jambo la tatu, ambalo wageni wengi hulipita bila kuliona kwa sababu leo linafanana na bonde dogo la majani. Nyuma ya ukuta, upande wa kusini, upande wa Rumi yenyewe, lilichimbwa handaki jingine lenye sakafu bapa, upana wa mita 6 na kina cha mita 3 hivi, likiwa na tuta kubwa kila upande. Wataalamu huliita Vallum. Linafuatana na ukuta karibu safari yote, na likifika kwenye boma linapinda kulizunguka, jambo linalotuambia kwamba maboma yalikuwa yameshapangiwa mahali pake. Na kulivuka uliruhusiwa kwenye maboma tu, juu ya njia ya udongo yenye lango lake.

Sasa hesabu na mwanao. Kwa mpango wa kwanza, mtu angeweza kupitishwa kwenye malango 80 ya vijiboma. Baada ya Vallum, hata ukipita kijiboma unakutana na handaki nyuma yake. Njia halisi za kutoka kusini kwenda kaskazini zikabaki kwenye maboma, kama 15 hivi, na kila moja mbele ya pua za askari mia kadhaa. Waliona kwamba malango yamezidi, wakayapunguza.

Kwa nini basi yalikuwepo? Kwa sababu walitaka watu wapite. Wapite mchana, mahali palipopangwa, wakiwa wameonekana na wamehesabiwa. Tuna ushahidi wa namna Warumi walivyofanya kwenye mto Rhine. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anawasimulia Watencteri, kabila la ng'ambo ya mto huo, wakilalamika, mwaka 70, kwamba hawaruhusiwi kukutana na ndugu zao wa Köln ila wakiwa hawana silaha, karibu uchi, chini ya mlinzi, na wakilipia. Hiyo ni forodha na kituo cha polisi kwa pamoja. Mfugaji aliyekuwa na malisho upande mmoja na ndugu upande wa pili, mchuuzi wa ngozi, mke aliyeolewa ng'ambo, wote hao walipaswa kufika mbele ya askari na kueleza safari yao. Pale Housesteads, miaka mingi baada ya ujenzi, lilifunguliwa hata lango la pembeni nje ya boma, kwenye kijito cha Knag Burn, na pande zake mbili kuna vyumba vya walinzi. Yaelekea wasafiri na mifugo yao walizidi kiasi cha kupita ndani ya kambi.

Lakini nisikupeleke upande wa pili kupita kiasi. Kuna kizazi cha wataalamu waliofundisha kwamba ukuta haukuwa na kazi ya vita hata kidogo, ulikuwa wa ushuru na wa fahari tu. Kisha miaka ya 2000 wachimbaji wakafukua Byker, mtaa wa hapohapo Newcastle, wakakuta katika ile nafasi nyembamba kati ya ukuta na handaki la mbele safu za mashimo, ambamo yaelekea yalisimikwa matawi yaliyochongwa ncha. Ni kama seng'enge ya zama zao. Mahali pengine upande wa mashariki nako yameonekana. Huweki miiba namna hiyo kwa ajili ya mchuuzi wa ngozi.

Basi hukumu yangu mimi ni hii. Ukuta haukukusudiwa kuzuia jeshi. Jeshi kubwa likija, askari walitoka kulipiga uwanjani, kazi waliyoifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Ukuta ulikuwa wa kumzuia mwizi wa ng'ombe, kundi la vijana 20 au 50 wanaoingia usiku, kuchoma na kuswaga mifugo kabla hakujapambazuka. Mtu mmoja mwenye kamba anaweza kuupanda, ni kweli. Ng'ombe hapandi. Ukishamzuia ng'ombe, umeondoa faida ya uvamizi wenyewe. Na huyo kijana akikawia kwenye miiba na mita 4 za mawe, mnara ulio umbali wa mita 250 umemwona. Vallum nayo ilifanya kazi hiyohiyo kwa upande wa kusini, kwa sababu Warumi hawakuwaamini Wabrigantes waliokuwa nyuma yao kuliko walivyowaamini wa mbele.

Fahari ilikuwepo pia, sikatai. Hadrian aliyeachia nchi za mashariki alihitaji kuonyesha kwamba kusimama si kushindwa. Kuna vyombo vidogo vya shaba vilivyopambwa kwa rangi, vyenye majina ya maboma ya ukuta kama kumbukumbu ya safari; kimoja kilipatikana Staffordshire mwaka 2003. Ukuta ulikuwa maarufu kiasi cha watu kuubeba kwenda nao nyumbani.

Ukitaka kujua maisha yenyewe yalivyokuwa, ukuta unanyamaza, ila Vindolanda inasema. Ni boma lililo nyuma kidogo ya ukuta, na mwaka 1973 Robin Birley alianza kutoa humo vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, vilivyohifadhiwa na tope. Vingi ni vya miaka ya karibu na 100, kabla ukuta haujajengwa. Kimoja ni hesabu ya kikosi cha kwanza cha Watungri: askari 752 kwenye orodha, 456 hawapo, wametumwa huku na huku, 337 kati yao wako kambi nyingine. Waliobaki ni 296, na 31 kati ya hao hawafai kazi: 15 wagonjwa, 6 majeruhi, 10 wanaumwa macho. Mtu anayefikiri kila boma lilikuwa limefurika wanaume wenye mikuki akisoma hesabu ile hupoa. Kibao kingine kinawaita wenyeji Brittunculi, yaani vijibritania, kwa dharau ile ambayo sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kufasiriwa. Na kuna kile cha Claudia Severa akimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake. Maneno machache ya mwisho ni ya mkono wake mwenyewe, moja ya miandiko ya kale zaidi ya mwanamke kwa Kilatini.

Hadrian alifariki mwaka 138, na aliyemfuata, Antoninus Pius, hakukawia kuuacha ukuta wote huo. Aliamuru mwingine ujengwe kaskazini zaidi, kati ya hori la Forth na la Clyde, kilomita 60 hivi, wa mapande ya udongo juu ya msingi wa mawe. Kazi hiyo ilianza mwaka 142. Ya Hadrian ikawa gofu lenye malango yaliyoachwa wazi. Haikupita miaka 20 hivi wakaurudia ukuta wa kwanza, wakaurekebisha. Miaka ya 180 makabila ya kaskazini yalivuka ukuta na kumuua jemadari mmoja pamoja na askari wake, anavyosimulia mwanahistoria wa kale Cassius Dio, na Rumi ikamtuma Ulpius Marcellus kuwapiga.

Hapa sasa nimefika kwenye swali lako la Waafrika, na si maneno ya mitandaoni. Aliyesimamia ujenzi wa ule ukuta wa Antoninus, liwali Quintus Lollius Urbicus, alikuwa mtoto wa mwenye mashamba wa Tiddis, karibu na Constantine katika Algeria ya leo. Kaburi alilowajengea wazazi na ndugu zake bado limesimama kule. Kaisari Septimius Severus, aliyekuja Britania mwaka 208 na jeshi kubwa na kuukarabati ukuta wa Hadrian kiasi kwamba waandishi wa kale wengine walidhani ni yeye aliyeujenga, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Alifia York mwaka 211.

Hao ni wakubwa. Kwa askari wa kawaida, nenda upande wa magharibi, Burgh-by-Sands. Karibu na hapo ilipatikana mwaka 1934 madhabahu iliyowekwa na kikosi cha Wamauri, watu wa Mauretania, nchi iliyokuwa Morocco na Algeria za leo. Majina ya watawala waliotajwa yanaiweka kati ya mwaka 253 na 258. Kwa hiyo kikosi kizima cha watu kutoka Afrika Kaskazini kililinda mwisho wa ukuta. Lakini uwe mwangalifu unapomweleza mwanao: neno Mmauri kwa Warumi lilitaja mtu alikotoka, na madhabahu haitaji rangi ya mtu. Kitabu kimoja cha kale kinasimulia kwamba Severus, akiwa karibu na ukuta, alikutana na askari Mwethiopia aliyeshika taji la majani ya mvinje, akaogopa rangi yake na taji lake kama ndege mbaya. Kitabu hicho kinajulikana kwa kutia chumvi, hivyo mimi siegemei kisa chenyewe. Ninachochukua ni kwamba mwandishi alitegemea wasomaji wake wakubali kumkuta mtu mweusi katika jeshi la Britania bila kuuliza amefikaje.

Jeshi la ukutani kwa ujumla lilikuwa la wageni. Askari wasaidizi walitoka Ubelgiji na Uholanzi za leo, Uhispania, Ujerumani, na wapiga mishale wakatoka Syria. Wakitumikia miaka 25 walipewa uraia wa Rumi. Wengi walioa palepale, wakazikwa palepale. Mtu wa Palmyra, mji wa Syria, aitwaye Barates alimzika South Shields mkewe Regina, mwanamke wa kusini mwa Britania aliyekuwa mtumwa wake kabla hajamwacha huru na kumwoa. Akamwandikia kwa Kilatini, kisha chini yake akaongeza mstari kwa lugha ya kwao.

Na jiwe ninalotaka umpeleke mwanao akalione liko hapohapo South Shields. Ni la Victor, Mmauri, aliyekufa na miaka 20. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, mpanda farasi wa kikosi cha Waasturi, watu wa Uhispania. Amechongwa amejilaza kwenye kitanda cha karamu kama bwana, na mtumishi mdogo anamnyanyulia kikombe, na maandishi yanasema Numerianus alimsindikiza kaburini kwa mapenzi makubwa. Kutoka Mauretania mpaka kwenye mdomo wa mto Tyne, miaka 20, na hatujui hata mama yake alimwita nani, maana Victor ni jina la Kirumi alilopewa.

Mwisho wa ukuta nitaupita haraka. Utawala wa Rumi ulipoondoka Britania karibu na mwaka 410, baadhi ya askari yaelekea walibaki kama wenyeji. Birdoswald palijengwa ukumbi wa mbao juu ya ghala la zamani la jeshi. Baada ya hapo ukuta ukawa machimbo ya bure. Makanisa, mazizi, nyumba za wakulima, vyote vimo mawe yake, na katikati ya karne ya 18 serikali ilijenga barabara ya kijeshi juu yake hasa, kilomita nyingi kutoka Newcastle kwenda magharibi. Zile picha nzuri za ukuta ukipanda majabali katika kalenda ni kazi ya John Clayton, mwanasheria wa Newcastle, ambaye katika karne ya 19 alinunua mashamba ili mawe yasiibiwe, akayapanga upya yaliyoanguka. Ukuta ukatambuliwa na UNESCO mwaka 1987. Mti wa sycamore uliokuwa bondeni kwenye zile picha ulikatwa usiku mmoja Septemba 2023, na nchi nzima ikalia kuliko nilivyowahi kuona watu wakiulilia ukuta wenyewe.

Safari ya watoto wa shule mara nyingi huenda Housesteads. Mwambie mwanao akifika ndani ya boma atafute, nyuma kidogo ya ukuta wa kaskazini, msingi mdogo wa mnara usio na maana pale ulipo: ni ule uliobomolewa boma lilipoletwa. Watoto wengi wataangalia choo cha askari, ambacho nacho kinastahili. Na Jumamosi moja mchukue Benwell, ndani ya mitaa ya kawaida ya nyumba za watu, mkaone njia ya kuvukia Vallum. Hamlipi kitu, na mtakuwa wenyewe.

Juu kule upepo haubembelezi mtu. Askari mmoja wa Vindolanda alitumiwa furushi, na barua iliyofuatana nalo imesalia mpaka leo: soksi, jozi mbili za makubadhi na nguo za ndani mbili. Mfungie soksi za ziada.